Tuutafute Moshi, Tusimtafute Mchawi

Ndugu wakulima wa skimu,

Mwezi hata mwezi mnasoma katika gazeti hili habari za kutu ya ngano, kupe wa ng'ombe na bei ya maziwa. Mambo hayo ni ya maana, wala sina nia ya kuyadharau, maana ndiyo kazi ya ofisi yetu. Lakini shamba halijilimi lenyewe. Hulimwa na mtu mwenye pumzi. Kwa sababu hiyo leo naomba nafasi niseme juu ya pumzi yenyewe, yaani juu ya kansa ya mapafu, ambayo wengi siku hizi huiita saratani ya mapafu: hutokana na nini, ni nani aliye hatarini, na sisi twaweza kufanya nini.

Mimi ni karani, si daktari. Lakini nilifundishwa ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisi, na mtu aliyefundishwa ualimu hawezi kunyamaza aonapo watu wazima wakiuza mali kwa sababu ya jambo wasilolijua.

Rai yangu ni moja. Maradhi haya kwa sehemu kubwa sana huletwa na moshi. Moshi wa sigara ndio mkubwa wa yote, na nyuma yake umo moshi wa jiko, wa magari na wa takataka. Basi mtu akiugua, tuutafute moshi, tusimtafute mchawi. Na kabla hajaugua, tuufukuze moshi huo kama tunavyomfukuza ngedere katika mahindi.

MAMBO HUENDA HIVI

Tangu skimu zilipoanza mwaka 1962, wakati wazee wetu walipopewa mashamba ya walowezi, ekari hazikuongezeka, lakini watoto na wajukuu wameongezeka. Kijana humaliza shule, akatazama shamba la baba yake na hesabu ya ndugu zake, kisha akapanda gari kwenda Nairobi. Huko hupanga chumba kimoja Kongo, upande wa Kawangware, au Kibera. Hubeba mizigo, hujenga majumba ya watu, huuza mitumba, na kila mwezi hutuma senti kidogo nyumbani. Asubuhi na jioni huvuta sigara mbili tatu za kuondoa baridi na mawazo.

Miaka 20 au 25 hupita. Siku moja hurudi skimu, sasa ni baba wa watu, naye anakohoa. Kwanza hununua dawa ya kikohozi dukani. Kikohozi hakisikii. Wazee husema ni baridi ya Nairobi. Wengine husema ni kifua kikuu. Mwili unakonda, makohozi yanatoka na damu, na hapo jirani mmoja hunong'ona kwamba amerogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ndama huuzwa, mganga wa kienyeji hulipwa, na ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja hawaamkiani tena. Mgonjwa afikapo hospitali kubwa na kupigwa picha, uvimbe umekwisha kuenea.

Hasara hapo ni nyingi. Mtu amekwenda, ndama amekwenda, na undugu umekwenda, wala mchawi hakuwako. Kilichokuwako ni moshi.

KANSA NI NINI

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli. Kila seli ina amri zake: izaliwe lini, ifanye kazi gani, ife lini. Vitu fulani vyaweza kuziharibu amri hizo. Mwili hujitengeneza, lakini ukiharibiwa kila siku kwa miaka mingi, hufika siku seli moja ikaacha kusikia amri. Huanza kuzaana ovyo, kama sangari katika shamba. Ninyi mnaijua sangari. Mizizi yake hutambaa chini kwa chini, ukiona majani juu, shamba limekwisha liwa. Tena kipande kikichukuliwa na jembe hadi shamba lingine, huota huko. Kansa ya mapafu nayo yaweza kutoka katika pafu ikaota katika ini, mifupa au ubongo.

Ndiyo sababu haionekani upesi. Moshi wa leo huleta ugonjwa baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Mtu hupanda akiwa kijana, huvuna akiwa mzee.

Jambo jingine: kansa haiambukizi. Mgonjwa waweza kula naye sahani moja, kulala naye nyumba moja na kumshika mkono. Haitoki kwa kunywa maji baridi wala kwa kunyeshewa mvua.

SIGARA NDIYO MKOSAJI MKUBWA

Mwaka 1950 huko Uingereza mabwana wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa habari za uchunguzi wao katika hospitali za London. Waliwauliza wagonjwa wa kansa ya mapafu na wagonjwa wengine juu ya maisha yao, wakaona kwamba kitu kilichowatenga ni sigara. Mwaka 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza, na madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wakaandikwa katika hesabu hiyo, wakafuatwa kwa miaka 50. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa, kwa wastani, kama miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Na watu hao walikuwa madaktari, wenye chakula kizuri na dawa karibu. Je, sisi?

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zajulikana kwamba zaleta kansa. Katika njia ya pumzi Mungu ameweka vinyweleo vidogo vinavyofagia vumbi na uchafu kwenda juu. Moshi huvilaza vinyweleo hivyo, na uchafu mweusi kama lami hukaa ndani. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 100 wenye kansa ya mapafu duniani, kama 85 yametokana na uvutaji. Mwaka 2022 peke yake watu karibu milioni 2.5 duniani walionekana na ugonjwa huu, na watu kama milioni 1.8 walikufa kwa ajili yake. Hakuna kansa nyingine inayoua watu wengi kiasi hicho.

Najua yupo atakayesema, "Babu yangu alivuta kiko mpaka akafika miaka tisini." Nami namjibu kwa habari za ng'ombe. Si kila ng'ombe aliyeumwa na kupe hufa kwa ndigana. Wapo waliopona. Je, kwa sababu hiyo umeacha kuogesha? Huwezi kujua ni yupi atakayekufa, kwa hiyo huogesha wote. Fanya vivyo hivyo na kifua chako.

Wala usidanganywe na shisha kwa sababu moshi wake hupita katika maji na hunukia matunda. Moshi ni moshi. Ugoro nao, ingawa hauna moshi, huleta kansa ya kinywa.

MOSHI WA KONGO NA KIBERA

Mkulima aweza kuuliza kwa nini namweleza habari za Kongo. Namweleza kwa sababu makaa yanatoka shamba, mtoto anatoka shamba, na mgonjwa hurudi shamba. Kifua ni kimoja.

Tazama chumba kimoja cha mabati. Kitanda kipo, pazia lipo, na nyuma ya pazia lipo jiko. Jioni mvua ikinyesha mlango hufungwa, na jiko la makaa au la mafuta ya taa huwaka humo humo. Makaa mabichi hukataa kushika, kwa hiyo huwashwa kwa vipande vya plastiki. Jirani naye anawasha lake, na ukuta kati yao ni bati moja tu. Nje, magari ya dizeli yanapita katika barabara ya Naivasha yakitoa moshi mweusi, na kando ya mtaro takataka zinachomwa. Dukani, sigara huuzwa moja moja, hata kijana asiye na senti za pakiti aweza kununua.

Wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitamka mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli waleta kansa ya mapafu, na mwaka 2013 wakatamka vivyo hivyo juu ya hewa chafu ya nje. Shirika hilo lasema pia kwamba katika kila vifo 100 vya kansa ya mapafu vya watu wazima, kama 11 hutokana na moshi wa nyumbani wa mafuta ya taa, kuni, makaa na vitu kama hivyo. Basi mtu avutaye sigara ndani ya chumba cha namna ile amejitwisha mizigo miwili. Na mkewe asiyevuta, pamoja na mtoto aliye mgongoni, wamebeba mzigo ambao hawakuuomba.

Siwalaumu watu wa Kongo wala wa Kibera. Hakuna apendaye kupika karibu na mto wa kulalia. Kodi ni kubwa na chumba ni kimoja. Lakini mlango waweza kuachwa wazi. Jiko laweza kuwashiwa nje mpaka makaa yawe mekundu. Plastiki yaweza kuachwa kabisa. Na usiku, jiko lenye makaa lisilale ndani pamoja na watu hata kidogo, kwa kuwa hewa yake yaweza kuua nyumba nzima kabla ya asubuhi bila ya kungoja kansa.

Juu ya sigara, sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, yakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18, na yakataza kuuza sigara moja moja. Kwa maoni yangu sheria hii ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kijana haanzi kwa pakiti. Huanza kwa sigara moja. Ikiwa machifu, wenye maduka na wazazi wataishika sheria hiyo, tutakuwa tumeziba mlango ambao ugonjwa huingilia.

JIKO LETU SISI HUKU SKIMU

Tusicheke watu wa mjini. Huku kwetu nafasi ipo, hewa ipo, lakini jikoni ukuta ni mweusi na mama hutoka akifuta machozi. Ukuta ukiwa mweusi hivyo, je, mapafu ya mama yana rangi gani?

Huko China, katika jimbo la Yunnan, kuna wilaya iitwayo Xuanwei. Wanawake wa huko hawakuwa wavutaji, lakini waliugua kansa ya mapafu kwa wingi kuliko karibu wanawake wote wa nchi ile. Sababu ilionekana: walipika kwa makaa ya mawe yenye moshi mwingi, katika mashimo ya moto yasiyo na bomba. Watu walipowekewa majiko yenye bomba la kutolea moshi, ugonjwa ulipungua sana katika miaka iliyofuata. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002. Ni kweli kwamba makaa ya mawe ni mabaya kuliko kuni. Juu ya moshi wa kuni wataalamu wamesema tu kwamba yaelekea nao huleta kansa. Lakini hakuna shaka kwamba huharibu mapafu kwa njia nyingine, na huwaua watoto kwa nimonia. Bomba ni bomba, na dirisha halina gharama kubwa.

Mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini anayo bahati ambayo mtu wa Kongo hana. Samadi yake yaweza kutoa gesi ya kupikia isiyo na moshi, na mabaki yake bado ni mbolea nzuri. Asiyeweza hilo atengeneze jiko la udongo lililojengwa, ambalo hutumia kuni chache, aweke na bomba. Kuni ziwe kavu, maana kuni mbichi ni moshi mtupu.

KWA WALE WALIMAO TUMBAKU

Najua baadhi ya wasomaji hulima tumbaku, na sitaki kuwatukana kwa zao lililowasomesha watoto. Lakini piga hesabu yako vizuri: miezi shambani, miti iliyokatwa kwa kukaushia, watoto walioacha masomo wachume majani, na sumu ya majani mabichi inayoingia katika ngozi na kuleta kizunguzungu. Mwaka 2022, huko Migori, Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani, FAO na WFP walianzisha mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Kwa hiyo njia nyingine ipo. Maharagwe huliwa nyumbani kama soko likiwa baya. Tumbaku hailiwi.

WALIO HATARINI ZAIDI

Mkubwa wao ni mvutaji, na kadiri alivyovuta miaka mingi ndivyo hatari ilivyo kubwa. Wa pili ni akaaye na mvutaji nyumba moja. Wapo pia wapikao katika moshi kwa miaka mingi, na wafanyao kazi katika moshi wa dizeli. Yupo aliyepumua vumbi la asbesto, yaani yale mabamba ya zamani ya kuezekea yasiyo ya bati. Usiyakate wala kuyavunja mwenyewe. Yupo aliyewahi kuugua kifua kikuu kikaacha kovu katika pafu, na aishiye na virusi vya UKIMWI. Mwisho ni yule ambaye mzazi au ndugu yake aliugua kansa hiyo.

Lakini sikieni neno hili. Wapo waliougua ambao hawakuvuta hata siku moja. Kwa hiyo mgonjwa asihukumiwe. Hata aliyevuta anastahili huruma na matibabu, si kusutwa kitandani.

YAFAAYO KUFANYWA

1. Kikohozi kikipita wiki 3, nenda hospitali. Usiende dukani. Nenda upesi zaidi ukiona damu katika makohozi, maumivu ya kifua, sauti iliyokauka, kukonda bila sababu, au nimonia inayorudi rudi mahali pale pale.

2. Pima makohozi. Kifua kikuu kingali kingi katika nchi yetu, na dawa zake katika hospitali za Serikali hazilipiwi. Lakini uliza kwa heshima: "Daktari, makohozi yangu yamesema nini?" Kama hayakuonyesha kifua kikuu, au kama umemeza dawa barabara wala huoni nafuu, omba kupigwa picha ya eksirei na kuchunguzwa zaidi. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

3. Mwambie daktari kweli: umevuta miaka mingapi, umefanya kazi gani, umepikia nini. Asipojua habari za moshi hawezi kuufikiria.

4. Kansa ikigunduliwa mapema, daktari aweza kuikata, au kuitibu kwa mionzi na dawa. Hospitali ya Kenyatta huko Nairobi, ambayo haiko mbali na Kibera, na Hospitali ya Moi huko Eldoret, ambayo iko karibu na skimu nyingi, zina madaktari wa kazi hiyo. Ndama akiuzwa, na auzwe kwa safari hiyo.

5. Avutaye na aache leo. Usiseme umechelewa. Wale madaktari wa Uingereza walioacha wakiwa na miaka 60 walipata kama miaka 3 ya kuishi zaidi. Walioacha wakiwa na miaka 50 walipata 6, wenye 40 walipata 9, na wenye 30 karibu 10 zote. Baada ya miaka 10 bila sigara, hatari ya kansa ya mapafu hushuka mpaka kama nusu ya ile ya mvutaji. Kuacha ni kugumu, kwa hiyo mwambie mkeo, mwambie rafiki, na umwulize mganga wa hospitali akusaidie.

6. Mwandikie mtoto wako aliye Kongo, au mpigie simu. Usimwulize fedha tu. Mwulize anapikia wapi, mlango unafunguliwa, na sigara anavuta ngapi. Kama anakohoa, mwambie asingoje Desemba kuja nyumbani.

Ndugu wakulima, katika kilimo tumejifunza kwamba majani yakinyauka hatusemi ni jicho la jirani. Tunang'oa mmea, tunatazama mzizi, tunamwita Bwana Shamba. Ujuzi huo umetupatia mavuno. Basi tuutumie pia katika vifua vyetu. Aliye na kikohozi tangu mwezi uliopita asiweke gazeti hili chini kabla hajaamua ni siku gani wiki hii atakwenda kupimwa.

— Karani, Ofisi ya Kilimo